Kuboresha Hom Thieta kwa Fedha Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa Moshi, na yanahusu sebule za kawaida za hapa kwetu: chumba chenye urefu wa mita nne au tano, kuta za tofali, sakafu ya marumaru, dari la jipsamu na dirisha kubwa la alumini. Yeyote anayeishi katika nyumba ya namna hiyo, awe Pasua, Majengo au Arusha, atakutana na matatizo yale yale, na mengi kati yake hayahitaji kifaa kipya.

Nina hom thieta ya zamani yenye spika tano na sabufa. Nianze kubadilisha nini?

Usibadilishe kitu chochote kwanza. Watu wengi wanaoniomba ushauri wanasema seti yao imechoka, lakini nikifika nyumbani kwao ninakuta spika zote tano zimepangwa juu ya kabati la runinga kama vyombo vya maonyesho, mbili zikiwa zimegeuzwa plasi na mainasi, na runinga inapeleka sauti kwa nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Seti hiyo haijawahi kufanya kazi iliyotengenezewa hata siku moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba ni mbaya. Zipange spika upya, rekebisha mlio wa chumba, kagua nyaya na mipangilio ya runinga, kisha isikilize kwa wiki moja au mbili. Ukibaki na malalamiko baada ya hapo, utakuwa unajua hasa unalalamikia nini, na fedha yako itakwenda mahali panapostahili.

Kwa nini maneno ya kwenye filamu hayasikiki vizuri wakati milio ya risasi na muziki inatikisa nyumba?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolijali zaidi, kwa sababu wanaoumia ni wazee. Mama yangu hutazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kukosa. Siku moja aliniambia, «Mwanangu, tangu uniletee hiyo mitambo, naona midomo ya watu inacheza tu.» Nilikuwa nimemwekea seti nzuri, na nilidhani nimemaliza kazi.

Katika mfumo wa 5.1, yaani ule wa spika tano na boksi moja la besi, sehemu kubwa ya mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya katikati. Ya mama ilikuwa ndani ya rafu ya chini ya kabati, imesukumwa hadi nyuma, na uso wake ulielekea magoti ya mtazamaji. Sauti ilikuwa ikigonga mbao za rafu juu na chini kabla ya kutoka, ndiyo maana ilitoka nzito kama ya mtu anayezungumza akiwa na blanketi mdomoni. Niliivuta hadi uso wake ukalingana na ukingo wa rafu, nikakunja kipande cha boksi mara nne na kukiingiza chini ya ukingo wake wa mbele ili ielekee juu, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kisha niliingia kwenye menyu nikaiongezea spika hiyo desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Jioni ile mama alipunguza sauti kwa rimoti mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi.

Kama bado kuna tofauti kubwa kati ya maneno na milipuko, tafuta kwenye menyu mpangilio wa usiku, ambao mara nyingi huandikwa Night au DRC. Huo hupunguza pengo kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Na ukiwa na uwezo wa kununua spika moja tu mwaka huu, nunua ya katikati. Ikiwezekana iwe ya kampuni moja na toleo moja na zile mbili za mbele, ili sauti ya mtu anayetembea kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine isibadilike njiani.

Spika zikae wapi hasa?

Mapendekezo ya kimataifa yanaiweka spika ya kushoto na ya kulia ya mbele kwenye nyuzi 30 kila moja kutoka mstari wa katikati, na zile za kuzunguka kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni mwa msikilizaji zikiwa zimerudi nyuma kidogo. Bila kupima nyuzi, chukua kamba: umbali kutoka kiti chako hadi spika ya kushoto, kutoka kiti hadi ya kulia, na kutoka moja hadi nyingine uwe karibu sawa. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio kwa spika za mbele. Zile za pembeni zinaweza kupanda juu kidogo.

Sebule zetu nyingi zina kochi lililoegemea ukuta, kwa hiyo watu huzifunga spika za nyuma kwenye kona za juu kabisa za dari, au hukata tamaa na kuzirudisha mbele. Ziweke kwenye kuta za pembeni, sambamba na kochi au sentimita chache nyuma yake, na uzielekeze juu ya vichwa vya waliokaa badala ya kuzilenga masikioni. Ukiweza kuvuta kochi hata sentimita 30 kutoka ukutani, utasikia besi ikitulia.

Menyu itakuuliza umbali wa kila spika. Watu huruka hatua hiyo, ilhali sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, sawa na karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Spika iliyo mita moja na nusu kutoka kwako na nyingine iliyo mita tatu haziwezi kukufikia pamoja mpaka kifaa kiambiwe kuichelewesha ile ya karibu. Chukua futi kamba na upime kweli.

Chumba changu kina mwangwi. Je, ninunue zile sponji za studio?

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaorudi kama springi ya chuma, basi marumaru, jipsamu na vioo vinarudishiana sauti. Dawa yake ni vitu laini na vizito. Zulia nene kati ya runinga na kochi ndilo la kwanza, kwa kuwa sakafu ndiyo uso mkubwa ulio karibu na spika za mbele. La pili ni mapazia mazito, yenye mikunjo mingi, yanayofunika dirisha lote wakati wa kutazama. Hapa Moshi nenda Kiboriloni au Memorial siku ya soko, uchague mapazia na mazulia ya mtumba kwa kuyapima mkononi: lililo zito zaidi ndilo linalofaa, rangi baadaye. Kabati la vitabu lililojaa bila mpangilio nalo husaidia kuutawanya mlio. Sponji nyembamba hunyonya sauti nyembamba peke yake na huacha mvumo wa besi kama ulivyokuwa, kwa hiyo sioni sababu ya kuzitolea fedha wakati sakafu bado iko wazi.

Boksi la seti ya dukani limeandikwa wati 10,000. Kwa nini inazidiwa na risiva ya zamani ya wati 80?

Kwa risiva hapa ninamaanisha kifaa kikuu chenye amplifaya kinachopokea sauti na kuendesha spika, si king'amuzi. Namba hizo kubwa za kwenye boksi huambatana na herufi PMPO, ambazo hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila mtengenezaji hujaza anavyotaka. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta kimeandikwa kwamba kinatumia volti 230 na wati 60, elewa kwamba amplifaya haiumbi nguvu, na kifaa kinachovuta wati 60 kwenye soketi hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, sembuse 10,000. Kipimo cha kutafuta ni wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, kwa kila spika, zikiambatana na omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zilizotumika kupimia.

Hata wati za kweli zisikupotoshe. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua lakini halishangai. Ili mtu aone kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika yenye wepesi wa desibeli 89 kwa wati moja itaizidi ile ya desibeli 86 kana kwamba umeifungia amplifaya yenye nguvu mara mbili, wala hukuongeza senti kwenye bili ya LUKU.

Je, ninaweza kununua risiva na kuendelea kutumia spika za hom thieta yangu ya zamani?

Wakati mwingine, lakini hapa ndipo vifaa vingi huungulia. Spika nyingi za seti za boksi zina omu 3 au 4, wakati risiva nyingi zimeandikwa nyuma kwamba zinataka omu 6 au 8 kwenda juu. Omu zikipungua, mkondo wa umeme unaotoka kwenye amplifaya huongezeka, kifaa huchemka, na kikiwa na bahati hujizima chenyewe kujilinda. Soma nyuma ya spika. Kibandiko kikiwa kimefutika, chomoa waya na upime kwa multimita: spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 6 na 7, na ya omu 4 husoma karibu 3 na nusu, kwa sababu multimita hupima ukinzani wa koili pekee. Usifunge kamwe spika mbili za omu 8 kwenye njia moja kwa kuziunganisha plasi kwa plasi na mainasi kwa mainasi ukidhani bado ni 8; zinakuwa 4.

Sabufa ni suala la pekee. Kwa Kiswahili cha madukani neno hili limekuja kumaanisha seti nzima ya redio yenye spika mbili na boksi la besi, lakini hapa ninazungumzia lile boksi la besi peke yake. Katika hom thieta za boksi, mara nyingi halina amplifaya ndani yake, linategemea ile ya kifaa kikuu. Risiva za kawaida hazina nguvu ya kuliendesha. Zina tundu moja dogo la kupeleka ishara kwa sabufa inayojichomeka yenyewe kwenye umeme. Kwa hiyo ukihamia kwenye risiva, panga tangu mwanzo fedha ya sabufa yenye amplifaya yake. Kwa upande mwingine, kufunga spika nzuri za omu 8 kwenye hom thieta yako ya zamani hakuna hatari. Sauti itapungua kidogo, na mara nyingi itakuwa safi zaidi.

Risiva ya mtumba: nichunguze nini kabla ya kutoa fedha?

Kwanza volti. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kifaa kilichotoka Uingereza kitakubali bila shida, hata plagi yake ni ile ile yetu ya miguu mitatu. Kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kinataka volti 100, na cha Marekani volti 120. Mimi nilinunua risiva moja iliyokuwa na plagi ya miguu mitatu, safi, mpya kabisa, na sikuuliza kwa nini plagi iwe mpya kwenye kifaa kikuukuu. Aliyeniuzia alikuwa amekata ile ya miguu miwili bapa na kufunga hii, bila kunieleza. Niliichomeka, taa ikawaka, na kabla sijafika kwenye kochi chumba kilijaa harufu ya vanishi inayoungua. Transfoma ilikuwa imekwisha. Kibandiko cha nyuma kilisema volti 100 kwa maandishi yasiyozidi urefu wa punje ya mchele. Tangu siku hiyo ninakwenda sokoni na tochi.

Kifaa cha volti 100 kinaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, mradi uwezo wa transfoma uzidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Jumlisha bei yake kabla ya kusema umepata kwa bei poa.

Baada ya volti, omba kiwashwe kwa nusu saa huku kikipiga. Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Mikwaruzo midogo husafishika, lakini upande mmoja ukikatika kabisa achana nacho. Jaribu kila njia ya spika, moja baada ya nyingine. Kwa spika, ondoa kitambaa cha mbele uguse ukingo unaoizunguka karatasi: wa mpira hudumu, wa sponji huoza kwa miaka na kumeguka kama mkate mkavu. Kisha sukuma karatasi ndani polepole kwa vidole viwili pande zote mbili. Ikikwaruza, koili imeharibika.

Na usidharau risiva isiyo na tundu la HDMI. Mfumo wa Dolby Digital, unaobeba sauti ya 5.1, ulianza kutumika kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, na risiva nyingi za miaka ya 2000 zinausoma pamoja na mwenzake DTS kupitia waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga mwekundu. Wanunuzi wengi wanazipita kwa sababu hazina HDMI, na hapo ndipo mwenye fedha kidogo anapopata kifaa kizito, chenye transfoma ya kweli ndani, ambacho kipya asingekifikia.

Nitumie waya gani?

Shaba, milimita za mraba 1.5, inatosha kwa spika ya omu 8 hata kwa umbali wa mita 10. Kwa omu 4 tumia 2.5. Kwa duka la vifaa vya umeme, waya laini wa nyuzi nyingi unaotumika kwa umeme wa kawaida unafanya kazi hii vizuri kabisa, na sioni haja ya waya wa bei ya dhahabu. Jihadhari tu na alumini iliyopakwa shaba: menya ncha, kwangua nyuzi kwa wembe, na ukiona rangi nyeupe chini ya nyekundu, unauziwa alumini, inayopitisha umeme vibaya zaidi. Weka alama kwenye waya wa plasi kwa ncha zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na sauti ya mbele hukosa mahali pa kukaa. Ukiwa na mashaka, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya kwa sekunde moja: plasi ya betri ikiwa kwenye plasi ya spika, karatasi huruka mbele.

Nitajuaje kama ninapata sauti ya 5.1 kweli?

Angalia njia yote kuanzia chanzo. Nyaya nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kulia, na Bluetooth kadhalika kwa vifaa hivi vya nyumbani. Waya wa optiko na tundu la HDMI lenye alama ya ARC vinaweza kubeba Dolby Digital ya 5.1. Ukitumia ARC, washa pia mawasiliano ya vifaa kwenye menyu ya runinga, ambayo Samsung huyaita Anynet+, LG huyaita Simplink na Sony huyaita Bravia Sync. Kisha tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali uondoe PCM na kuweka Auto au Bitstream. Kama king'amuzi au deki yako ina tundu lake la optiko, iunganishe moja kwa moja na risiva, kwa sababu baadhi ya runinga hupunguza sauti ya vifaa vya nje kuwa njia mbili kabla ya kuipitisha. Kioo cha risiva kitakuambia ukweli: kikiandika Dolby Digital au DTS, umefika.

Fahamu pia kwamba video nyingi za YouTube, na filamu zilizotafsiriwa tunazonunua kwenye flashi, zina njia mbili tu. Kwa hizo washa Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000 na imo ndani ya risiva nyingi za mtumba; hutenganisha maneno na kuyapeleka katikati, na mwangwi kuupeleka pembeni.

Besi inavuma kwenye kiti kimoja na kutoweka kwenye kingine. Je, sabufa ni mbovu?

Huenda iko mahali pabaya. Ibebe uiweke juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea juu na chini, kisha tambaa kando ya kuta kichwa kikiwa karibu na sakafu. Pale utakapoisikia besi ikiwa sawasawa, ndipo sabufa ikae. Krosova, yaani mpaka ambapo chini yake sauti nzito huachiwa sabufa, ianzie hezi 80, lakini kama spika zako ni zile ndogo za ukubwa wa kikombe, ipandishe hadi 120 au 150, la sivyo sauti za kiume zitakonda. Na kwa wenye nyumba za kupanga zinazochangia ukuta, weka kipande cha godoro gumu chini yake na upunguze besi baada ya saa nne usiku, kwa kuwa mawimbi marefu hupita ukutani jirani akiwa haisikii kabisa filamu yenyewe.

Kwa nini nisinunue saundibaa tu?

Kama chumba ni kidogo sana, au nyumba si yako na huruhusiwi kutoboa ukuta, nunua. Hakikisha ina tundu la ARC au la optiko na sabufa yake. Lakini ikiharibika sehemu moja, mara nyingi umepoteza yote, ilhali mfumo wa vipande unaubadilisha kipande kimoja kimoja kadiri unavyopata.

Nina shilingi 300,000 tu. Nizigawe vipi?

Zulia, waya wa shaba na kifaa cha kulinda umeme kwanza, maana hivyo utahama navyo hata ukibadilisha kila kitu kingine. Kinachobaki kiingie kwenye spika tatu za mbele za mtumba, na risiva baadaye. Spika nzuri iliyotunzwa hudumu miongo; risiva hupitwa na matundu mapya kila baada ya miaka michache. Za nyuma zinaweza kuwa zile zile ndogo za zamani, kama omu zake zinaruhusu, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi.

Nifanyeje kuhusu umeme unaoyumba na radi?

Umeme ukikatika, zima kifaa kwenye soketi, na usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi, au tumia kile kifaa cha kulinda runinga kinachochelewesha umeme chenyewe. Stebilaiza inafaa kwa mtaa ambao taa hufifia kila jioni. Kwa radi, hakuna kifaa cha bei yetu kinachoizuia inapopiga karibu. Masika, wingu likianza kushuka kutoka mlimani, chomoa plagi, kisha zunguka nyuma ya king'amuzi uchomoe na waya wa dishi. Watu huusahau huo wa pili, na radi hupita humo humo, ikavuka kwenye HDMI na kuua risiva ambayo haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme.